Utapeli wa mapenzi mtandaoni

Utapeli wa mapenzi mtandaoni ni ulaghai wa kujenga uhusiano wa kimapenzi wa uongo kwa njia ya intaneti ili kumlia mtu fedha zake. Tapeli hutumia jina, picha na kazi zisizo zake. Tofauti na meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", aina hii haina pupa: maandalizi huchukua wiki, mara nyingi miezi, na mwathirika hutoa fedha kwa mkono wake akiamini anamsaidia mchumba.

Historia

Mbinu hii ni kongwe kuliko kompyuta. Katika karne ya 19 zilisambaa Ulaya na Marekani barua za "Mfungwa wa Kihispania", zilizomsihi msomaji alipie ukombozi wa tajiri aliyefungwa, kwa ahadi ya mgawo wa mali na wakati mwingine kuozwa binti yake. Nchini Nigeria ulaghai wa barua ulipewa jina la 419, kutokana na kifungu cha sheria ya jinai. Warithi wake wa mtandaoni huitwa Yahoo Boys. Ghana huuita sakawa.

Mwenendo wake

Mazungumzo huanzia Facebook, Instagram au Tinder, au kwa ujumbe wa WhatsApp wa mtu anayedai amekosea namba. Mgeni hujitambulisha kuwa mjane, mwanajeshi wa Marekani aliye vitani, mhandisi wa mafuta baharini au daktari wa shirika la kimataifa. Kazi hizo huchaguliwa kwa makusudi, kwani zote zinatoa udhuru wa kutoonana. Ndani ya siku chache humwita mwathirika "mke wangu" au "mume wangu", humjulia hali asubuhi na usiku, hukumbuka hata tarehe ya msiba wake. Upweke wa mfiwa au mtalikiwa huchunguzwa kwa subira ya kikatili.

Kisha huja shida ya ghafla: ajali, hospitali, nauli. Afrika Mashariki inayofahamika zaidi ni hadithi ya kifurushi. Mpenzi wa ughaibuni husema ametuma simu, dhahabu na dola. Baadaye "ofisa wa forodha" hupiga kwa namba ya hapa nchini akidai ushuru. Ukilipwa, huzuka faini, kisha cheti cha kuthibitisha kuwa fedha hizo si za utakatishaji. Kifurushi hakipo. Nchini Tanzania malipo ya Mamlaka ya Mapato (TRA) hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu.

Njia nyingine ni ya uwekezaji, ambayo wahalifu wa China waliifananisha na kumnenepesha nguruwe kabla ya kumchinja. Mpenzi haombi kitu; hufundisha biashara ya sarafu za kidijitali kwenye tovuti bandia inayoonyesha faida isiyoweza kutolewa. Mwaka 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kuwa watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na takriban 100,000 nchini Kambodia walishikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Miongoni mwa waliookolewa huko wamo Wakenya na Waganda walioahidiwa ajira Thailand. Hivyo anayeandika "nakupenda" anaweza kuwa mateka.

Ukubwa

Mwaka 2022 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilipokea taarifa za karibu watu 70,000 waliopoteza jumla ya dola bilioni 1.3. Desemba 2024 tume ya Nigeria ya kupambana na uhalifu wa kiuchumi, EFCC, ilikamata watuhumiwa 792 katika jengo moja la Lagos, wakiwemo Wachina 148.

Utambuzi na kinga

Ishara iliyo wazi kuliko zote ni ombi la fedha kutoka kwa mtu ambaye hamjawahi kuonana. Picha zake zichunguzwe kwa zana za kutafuta picha kama Google Lens au TinEye. Aghalabu ni za mtu mwingine asiye na habari. Picha na video za akili bandia zimeifanya kazi hiyo kuwa ngumu: mwanamke mmoja wa Ufaransa, ambaye kisa chake kilitangazwa Januari 2025, alipoteza euro 830,000 akiamini anachumbiwa na Brad Pitt.

Tapeli husisitiza siri. Desturi ya kutuma mshenga na kuulizia ukoo wa mchumba ni kinga bora kuliko programu yoyote, kwa sababu inawaingiza watu wengine katika jambo. Picha za utupu zisitumwe, kwani hugeuzwa kuwa silaha ya kudai fedha. Julai 2024 kampuni ya Meta iliondoa akaunti 63,000 za Instagram nchini Nigeria zilizohusishwa na vitisho hivyo.

Baada ya kutapeliwa

Mwathirika asifute ujumbe wala risiti za miamala. Aripoti mara moja polisi, benki na kampuni ya simu. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kuchekwa, na kicheko hicho ni dhuluma ya pili. Mara nyingi mwathirika hufuatwa tena na "wakili" anayeahidi kurejesha fedha kwa ada. Huyo naye ni tapeli.

Sheria

Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina sheria yake ya 2018. Nchini Tanzania ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa kuutuma kwenda namba 15040.