Kusasisha draiva za kompyuta bila programu za wizi

Saiba ya Subukia, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu, haitofautiani sana na ya Kisauni. Mara nyingi kompyuta ni za mtumba kutoka ng'ambo, na Windows imetiwa upya dukani. Ukifika nazo, sauti haitoki, Wi-Fi haionekani, printa imenyamaza. Kinachokosekana ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuelewana na kifaa.

Hapo huja fundi na flashi yenye programu ya "kutafuta draiva zote", ile ya kulipiwa iliyovunjwa kufuli. Ajabu ni kuwa kinachoibwa hakina haja ya kuibwa: Dell, HP, Lenovo, Epson na Canon hutoa draiva zao bure kwenye tovuti zao.

Draiva nyingi hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo, kwa hiyo programu ya kuziweka huomba ruhusa zote za kompyuta. Tena hizi za wizi hukutaka uzime kwanza kinga ya virusi. Virusi viitwavyo STOP, au Djvu, vilienea sana kwa njia hiyo. Vilifunga faili za watu kisha kudai dola 980, au 490 kwa aliyewasiliana nao ndani ya saa 72. Vingine havifungi chochote, huchota tu nywila kimyakimya. Na nywila za saiba si za mwenye saiba peke yake. Ni za mkulima aliyekuja kujaza ritani za KRA na mwanafunzi anayeomba mkopo wa HELB. Hao hata hawajui flashi hiyo ilipita.

Anza na Windows Update. Ukifungua Advanced options, kisha Optional updates, utaona draiva zinazosubiri. Zisipotosha, tafuta namba ya mashine. Kwenye Dell huitwa Service Tag, herufi na tarakimu saba, kwa kawaida chini ya kipakatalishi. Iingize kwenye tovuti ya Dell upate draiva za mashine hiyo hasa. Andika anwani ya tovuti mwenyewe, kwani ukitafuta tu, majibu ya juu huweza kuwa matangazo ya watu wengine.

Na ikiwa Wi-Fi yenyewe ndiyo haina draiva? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB tethering; mara nyingi Windows huitambua papo hapo. Chunga bando: draiva ya Wi-Fi ni ndogo, ila ya kadi ya picha yaweza kupita MB 500.

Kabla ya kuweka chochote, tengeneza restore point. Mambo yakiharibika, Device Manager ina kitufe cha Roll Back Driver cha kurudisha draiva ya awali. Printa inayochapa vizuri haina haja ya kuguswa.

Kama Windows yenyewe ni ya wizi, draiva halali hazitaiponya. Kwa mashine kuukuu ya namna hiyo, Linux Mint ni ya bure na huja na draiva nyingi ndani yake. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi, bila kufuta kitu, uone kama printa yako inakubali.