Mwalimu wa Farasi na Wenye Kuweka Dau

Wasomaji wetu wengi hapa Songea hawajapata kumwona farasi kwa macho, wala si ajabu, maana mbung'o na maradhi hayakumpa nafasi katika nchi hizi. Hata hivyo twapenda kueleza habari za waliowafunza farasi wa mashindano, tuone wao walijua nini.

Bibi Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akalelewa Njoro katika Kenya. Katika kitabu chake cha mwaka 1942 aeleza jinsi alivyomtengeneza farasi aitwaye Wrack kwa mbio za St Leger za Nairobi za mwaka 1926. Yalipobaki majuma 12, mwenye farasi akamwondoa, akampa mwalimu mwingine. Bibi akapewa Wise Child, farasi jike ambaye kano za miguu yake zilikwisha kuharibiwa kwa mazoezi makali. Yeye na saisi wake, arap Ruta, wakamlea polepole, wakiipapasa miguu ile kwa mikono yao. Siku ya mbio Wise Child akamshinda Wrack. Watazamaji, ambao hawakupata kuishika miguu ile, wangejuaje?

Ziko na mbio za kuruka nyua. Husemwa zilianza Ireland mwaka 1752, watu wawili waliposhindana toka kanisa la Buttevant hadi la Doneraile, wakiuelekea mnara. Ndiyo maana jina lake la Kiingereza latokana na mnara wa kanisa. Zilizo mashuhuri kupita zote ni za Aintree, karibu na Liverpool, ambako farasi huruka mara 30. Mwaka 1967, penye ua wa 23, farasi asiye na mpandaji alikata njia, wenzake wakagongana na kuanguka. Foinavon, aliyekuwa nyuma sana, akapata upenyo, akashinda. Aliyeweka shilingi 1 juu yake alipata faida ya shilingi 100. Na mwalimu wake, John Kempton? Siku hiyo hakuwapo. Alikuwa Worcester na farasi mwingine.

Fedha za dau mara nyingi hutiwa katika chungu kimoja, mpango uliobuniwa Ufaransa katika karne ya 19. Mwenye mchezo hutoa fungu lake kwanza, ndipo washindi hugawana yaliyosalia. Kwake yeye ni mamoja farasi yupi ametangulia.

Siku hizi dau huwekwa kwa simu, hata vijijini kwetu, juu ya wacheza mpira wa Ulaya. Kijana mmoja aliyeuza magunia manne ya mahindi alitutajia majina yao yote kumi na mmoja bila kukosea. Tukamwuliza, ni nani kati yao anayeumwa mguu? Hakujua. Na karo ya mdogo wake ilikuwa bado haijalipwa.