Mwalimu wa Unguja katika Mji wa Berlin

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Wajerumani na Waingereza walitia saini mkataba wa kugawana nchi ambazo wenyewe hawakuulizwa. Unguja na Pemba zilikabidhiwa himaya ya Uingereza. Magharibi ya Ziwa Nyanza mpaka ukapitishwa kwenye digrii 1 kusini ya Ikweta, na Nkwenda, iliyokuwa katika Karagwe na leo imo wilaya ya Kyerwa, ikaangukia upande wa Mjerumani. Migomba ya huko haikuhama hata shina moja. Kilichohama ni mahali pa kuamuliwa mambo yake.

Mwaka uliofuata mji huohuo ulimpokea mgeni kutoka Unguja. Amur bin Nasur hakwenda kutembea, alikwenda kusomesha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki, kilichofunguliwa mwaka 1887. Miongoni mwa waliosomeshwa humo walikuwamo watu waliojitayarisha kuja kuitawala Afrika ya Mashariki, bara yote mpaka Karagwe. Hivyo raia wa nchi iliyogawiwa akawa ndiye anayewafundisha wagawaji namna ya kuamkia na kuamuru.

Aliyoyaona aliyaandika kwa Kiswahili, na mwaka 1894 C. G. Büttner akayachapisha. Amur ni msimuliaji mwenye jicho. Berlin ya wakati ule ilikuwa na mambo ya kumshangaza mtu: majumba ya michezo, sarakasi, bustani ya wanyama, na usiku njia kuu kadhaa zilizowaka taa za umeme. Lakini mgeni huyu alitazama huku akitazamwa. Watu walimkodolea macho njiani, na dhihaka alizopata hakuzificha. Pengine hapo ndipo maandishi yake yanapozidi thamani kuliko sifa zozote za mji, kwani msafiri wa Ulaya aliyekuja kwetu aliandika atakavyo, na mara chache alijiona kuwa yeye ndiye kioja.

Mwaka 1896, katika bustani ya Treptow, Berlin ilifanya maonyesho makubwa ya makoloni. Watu zaidi ya 100 walioletwa kutoka makoloni ya Ujerumani, Waswahili na Wamasai wakiwamo, waliwekwa humo katika vijiji vya kuigiza. Wenyeji walilipa kiingilio, wakapita wakiwatazama, kisha wakaenda kula na kunywa.