Bunia: orodha ya abiria, kutoka daftari hadi kompyuta

Tarehe 8 mwezi wa 5 mwaka 2003, ndege kubwa ya mizigo, Ilyushin 76, ilitoka Kinshasa kuelekea Lubumbashi. Ilibeba askari pamoja na wake na watoto wao. Ikiwa angani mlango wa nyuma ukafunguka, watu wakavutwa nje. Rubani alifaulu kurudi Kinshasa. Waliokufa walikuwa wangapi? Wengine walisema zaidi ya 100, serikali ikataja idadi ndogo sana. Haikupatikana orodha ya majina ya kumaliza ubishi huo.

Mwezi huohuo Bunia ilikuwa katika mapigano, na mwezi wa 6 askari wa Ulaya wa operesheni Artemis waliingia kupitia uwanja wa ndege wa mji. Nyakati zile, safari ya ndege ndogo ilianzia kwenye ajansi: daftari, kalamu, na foni ya kuuliza kama ndege imekwisha kuruka. Mwenye daftari alikuwa mkubwa kweli. Aliweza kufuta jina lako na kuandika la mwingine, nawe ukajua ukiwa uwanjani, sanduku mkononi.

Hata Marekani walipitia huko. Katika miaka ya 1950, kupanga nafasi moja ya msafiri kwa kadi za karatasi kuliweza kuchukua karibu saa moja na nusu. Kampuni ya American Airlines ikaungana na IBM kutengeneza Sabre, programu iliyofanya kazi hiyo kwa sekunde chache. Mwaka 1987 makampuni ya Ulaya yakaanzisha Amadeus. Tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka 2008, shirika la IATA lilimaliza tiketi za karatasi kwa wanachama wake. Kongo karatasi haikuondoka haraka hivyo: hata Go-Pass, ushuru wa viwanja vya ndege ulioanza mwaka 2009, ilikuja kama kipande cha karatasi cha kununua dirishani kwa RVA.

Leo mfanyakazi wa shirika la misaada anayetaka kupanda ndege ya UNHAS huomba nafasi kwa intaneti. Kwenye ndege ndogo kama Cessna 208, msafiri mwenyewe hupanda mizani, si begi lake tu. Kompyuta inajumlisha kilo za watu, mizigo na mafuta, kisha inaonyesha kama ndege inafaa kuruka. Hapo hakuna kubembeleza. Zamani kilo tano za mkubwa fulani zilipita kwa kicheko.

Kazi ya ajansi imegeuka. Kiti kikiuzwa Kinshasa, kimefungwa Bunia dakika ileile. Pesa zinaweza kupita kwa M-Pesa au Airtel Money, na komisioneri aliyekula kwa kutafutia watu nafasi amebaki na wateja wachache. Kwake hayo si maendeleo, na ni vigumu kumlaumu.

Shida nyingine ni majina. Mkongomani ana jina, postinomo na prenomo. Mashine nyingi zilitengenezwa kwa watu wa majina mawili. Herufi moja ikitofautiana na kadi ya mpiga kura, safari inaweza kukwama. Tangu hali ya dharura ya kijeshi ilipotangazwa mwezi wa 5 mwaka 2021, mashambulizi hayajaisha kwenye barabara za Komanda na Mahagi, kwa hiyo ndege si anasa kwa mama anayempeleka mgonjwa. Ajansi ya zamani ingesahihisha herufi hiyo kwa kalamu.

Kalamu yenyewe haijatupwa. Umeme ukikatika au mtandao ukianguka, daftari linafunguliwa tena na majina yanaandikwa kwa mkono, nakala zaidi ya moja. Moja inapanda na rubani, nyingine inabaki chini.