Modemu si ruta

Fundi wa intaneti akikuambia kwa simu, "Zima modemu," usikimbilie kuchomoa ruta. Mitaani tumezoea kuita modemu kile kifaa kidogo cha USB chenye laini ya simu, na kila kisanduku chenye taa tukakiita ruta. Kwenye nyumba yenye intaneti ya kebo, majina hayo ni ya vifaa viwili vyenye kazi tofauti.

Modemu ni mkato wa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kuyapachika mawimbi ujumbe, na kuupachua. Ndiyo inayogeuza mawimbi ya kebo ile ile ya televisheni yawe data, na data iwe mawimbi. Ruta asili yake ni neno lenye maana ya njia. Wanaoiita kipanga njia hawakukosea: huipa kila simu na kompyuta ya nyumbani anwani yake, kisha huielekezea data yake.

Kuziunganisha kunafuata kazi hizo. Anza kwa kuzima modemu, maana modemu nyingi za kebo hukariri kifaa cha kwanza na kukikataa kipya mpaka ziwashwe upya. Chomeka waya wa mtandao kutoka modemu hadi tundu la ruta lililoandikwa WAN au Internet, si yale ya LAN. Washa modemu, taa zake zikitulia washa ruta.

Na siku simu ikishika Wi-Fi lakini intaneti haipo, tazama kwanza taa za modemu.