Kigae cha Kaburini: Ushahidi wa Mambrui na Kunduchi

Neno kigae lina maana mbili ambazo aghalabu hatuzifikirii pamoja. Kwanza ni kipande cha chungu au sahani iliyovunjika. Pili ni kigae cha kuezekea paa au kutandika sakafuni. Cha kwanza kimekwisha kutupwa. Cha pili ni sehemu ya jengo. Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba katika makaburi ya kale ya mwambao maana hizo hukutana katika chombo kimoja.

Makaburi ya mnara, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yameenea katika mwambao wa Somalia, Kenya na Tanzania. Katika baadhi yake waashi walipachika mabakuli na sahani za kauri za Uchina, zikitazama nje. Mnara wa Mambrui, kaskazini ya Malindi, ulipambwa kwa mabakuli ya enzi ya Ming (1368–1644), nao ulianguka mwaka 1934. Huko Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, vyombo vingi vimeng'olewa, yakabaki matundu ya mviringo.

Vyombo hivyo vina thamani kubwa kwa mwanahistoria. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua Gedi mwaka 1948, alitegemea sana kauri za Uchina katika kukadiria umri wa majengo yasiyo na maandishi. Gedi lipo kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Makaburi mengi hayana bahati hiyo. Hata hivyo hapana budi kutahadhari. Bakuli laweza kurithiwa vizazi kadhaa kabla ya kupachikwa ukutani. Kwa hiyo halituambii kaburi lilijengwa lini. Latuambia tu kwamba pambo hilo halikuwekwa kabla bakuli lenyewe halijafinyangwa.

Basi anayeling'oa, hata kwa nia ya kulihifadhi kabatini, hukata kiungo. Bakuli hubaki kuwa la Uchina tu. Mwashi wa Mambrui, chokaa yake, na marehemu aliyeheshimiwa kwalo hutoweka katika habari. Ni sawa na neno lililonukuliwa bila sentensi yake. Kweli, chombo kikiachwa mahali pake chaweza kuibiwa, na mnara waweza kuanguka kama ule wa Mambrui. Lakini pale inapolazimu kukiondoa, na kiandikwe kwanza: kaburi gani, upande upi, kimo gani kutoka ardhini, na kilishikwa na chokaa ya namna gani.

Bila ya hayo, tundu tupu la Kunduchi lina habari nyingi kuliko sahani nzima isiyojulikana ilikotoka; kwani tundu bado latuonyesha ukubwa wa chombo na mahali ambapo mwashi alitaka kionekane.