SEHEMU YA 6: Hujambo? Sijambo. Kumbe lilikuwa swali la afya!

Leo tunarudi nyuma kwenye historia kidogo, lakini ni historia inayomhusu kila anayebeba kadi ya kliniki.

Chukua daftari la mwanao wa darasa la kwanza. Somo la salamu liko pale: Hujambo? Sijambo. Hamjambo? Hatujambo. Swali moja, jibu moja, ukurasa umekwisha.

Sasa niambie, wewe na jirani yako pale Ngamiani au Chumbageni mlisalimiana hivyo leo asubuhi? Sidhani. Ilikuwa hivi:

"Umeamkaje?"
"Nimeamka salama."
"Watoto?"
"Wazima."
"Baba yao?"
"Yupo, tunamshukuru Mungu. Lakini huyu mdogo usiku hakulala, anakohoa."

Umeona? Habari yenyewe imekuja baada ya "lakini". Salamu zetu za pwani ni ndefu, na yale majibu ya mwanzo ni adabu tu. Mtu anasema salama, njema, wazima, kisha taratibu anafungua moyo. Kitabu kinaishia pale ambapo sisi ndiyo kwanza tunaanza.

Basi tulifikaje hapa? Tuanze na neno lenyewe.

"Hujambo" maana yake ni huna jambo. Na jambo hapa ni shida, kitu kilichokupata. "Sijambo" ni sina jambo. Ushahidi unao mwenyewe nyumbani: mgonjwa akipata nafuu tunasema "leo hajambo". Hapo hatumsalimii mtu, tunasema hali yake imekuwa nzuri. Kwa hiyo mtu akikuuliza "hujambo?", kwa asili anakuuliza kama mwili wako una shida.

Na mtu mwenye shida alijibu nini? Alisema "siwezi". Kwa Kiswahili cha zamani cha pwani, siwezi ni naumwa. Ukishuka Pangani au vijiji vya pwani wanakosema Kimtang'ata, unaweza kumsikia bibi akisema "mtoto hawezi tangu juzi". Muuguzi kijana aliyetoka bara atauliza, "Hawezi nini, bibi?" Bibi atashangaa, maana ameshasema kila kitu!

Kwa hiyo lugha ilikuwa na pande mbili: sijambo kwa mzima, siwezi kwa mgonjwa. Darasani ukabaki upande mmoja. Twende taratibu.

Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza, Edward Steere, alichapisha kitabu cha kufundishia wageni Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Alikuwa wa misheni ileile ya UMCA iliyojenga Magila, hapo Muheza. Miaka ya 1890 Wajerumani wakafungua shule ya serikali hapahapa Tanga, wakafundisha kwa Kiswahili ili wapate makarani na walimu. Baadaye, enzi za Waingereza, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukaamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kamati ya lugha ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Vitabu vya shule vilipitia kwao kwanza. Miaka ya baadaye hata mtu wetu Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, aliingia kwenye kamati hiyo.

Siwalaumu. Mtoto wa Lushoto, wa Kigoma na wa Mtwara walihitaji kitabu kimoja ili waelewane, na leo wanaelewana. Ila kitabu hupenda umbo moja linalokaririka. Watoto hamsini wakisema "hatujambo" kwa sauti moja, nani atasikia yule mmoja mwenye homa kwenye dawati la nyuma? Kiingereza nacho kilitufanyia hivyohivyo. Tuliulizwa "hawayu?", tukajibu "faini" hata kamasi zikitiririka.

Wageni nao wakakata zaidi, wakabakisha "jambo" peke yake. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ikatoa wimbo wa "Jambo Bwana", ukaenea dunia nzima, na mtalii akashuka uwanja wa ndege akiamini hiyo ndiyo salamu yetu. Sisi tunaitikia kwa ukarimu. Lakini ukitazama maana, kilichobaki kwenye neno ni ile shida, na kule kutokuwepo kwake kumeanguka njiani!

Je, hujambo imekufa mitaani? Hapana. Msikilize mzee wa Tanga akiamkiwa na mtoto. "Shikamoo babu." "Marahaba. Hujambo, mwanangu?" Shikamoo inaelezwa kuwa ni kifupi cha "nashika miguu", na marahaba imetoka Kiarabu. Hizo mbili ni za heshima, hazigusi afya kabisa. Ndiyo maana mzee haishii kwenye marahaba. Anaongeza hujambo, anamtazama mtoto usoni. Hapo swali la zamani bado lina kazi yake.

Sasa mama, sikiliza hapa.

Unapoingia chumba cha daktari au muuguzi, utaulizwa "habari za leo, mama?" na mdomo wako utasema "nzuri". Ni malezi yako, sikulaumu. Lakini foleni ni ndefu, na anayekuhudumia huenda amelelewa mbali na pwani, hajui kwamba wewe unangojea swali la tatu ndipo useme. Ukishajibu nzuri, usisubiri kuulizwa tena. Sema "lakini" yako hapohapo.

Na kama mtoto ameshindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri, ruka salamu yote. Sema mlangoni kabisa: "Mtoto wangu ana hali mbaya." Vilevile mjamzito anayetokwa damu, anayeumwa kichwa sana na kuona ukungu, au anayehisi mtoto hachezi kama kawaida. Hakuna atakayekuona huna adabu. Hizo ni dalili za hatari, na dakika zina thamani.

Kwa mama aliyejifungua karibuni nina ombi kwa ndugu na majirani. Ukienda kumwona, usiridhike na "tunamshukuru Mungu". Kaa kidogo, mpokee mtoto, kisha muulize tena: "Na wewe mwenyewe, hujambo?" Wengi watasema mara ya pili kile walichokimeza mara ya kwanza: maziwa yanauma, damu bado nyingi, usiku analia peke yake.

Na watoto wetu? Wafundisheni shikamoo, wafundisheni sijambo ya shule, wapate maksi zao. Ila wakiwa nyumbani waambieni kwamba swali hili lina majibu mawili. Mtoto akiulizwa "hujambo?" na tumbo linamuuma, ana ruhusa ya kusema "siwezi, mama". Hiyo nayo ni adabu, na ni Kiswahili safi cha bibi zake.

Sehemu ya 7 tutaongelea maneno ya wakunga wetu wa pwani. Mpelekee dada mwenye mtoto mchanga asome hii. Na kwenye maoni niandikieni: kwenu mnasalimianaje asubuhi, na mgonjwa anajibuje?